Mstari Nilioukataa

Chai yangu walikuwa wanaisifu hata madereva wa malori. Naanza na chai kwa sababu bila chai nisingeingia kwenye ile ofisi, na bila ofisi nisingemjua Mwalimu, na bila Mwalimu, basi, ngoja, nitafika. Nikianzia mwisho mtalia kabla hamjakaa vizuri.

Kwetu ni Heru Juu, hapo juu ya Kasulu. Tunalima mihogo, maharage na mahindi kidogo. Shule nilifika darasa la pili, baba akaona mbuzi hawana mtu, nikarudi kwa mbuzi. Kusoma nasoma, lakini polepole, kidole kikiwa juu ya herufi kama mtu anayesukuma kiroboto. Ila kusimulia, hapo msinishindanishe na mtu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema siku nikifa mdomo utabaki unaongea siku mbili ndipo upate habari.

Sasa, miaka hiyo ya tisini vita ilikuwa ng'ambo, Burundi. Watu walikuja, nyie! Wenye magodoro kichwani, wenye kuku, mwingine kabeba mlango wa nyumba yake. Mlango mtupu. Nikamuuliza, baba, nyumba iko wapi? Akasema nyumba imebaki, ila mlango nimewanyima. Tukacheka mimi na yeye pale barabarani, halafu akakaa chini akalia.

Wakajenga kambi. Pembeni ya kambi wakajenga ofisi ya wageni wanaosaidia wakimbizi, tofali mbichi na bati, wakatangaza wanataka mwanamke wa kufagia na kupika chai. Nilikwenda alfajiri, nikawa wa kwanza kwenye mstari. Wenzangu walidhani nataka mshahara. Mshahara niliutaka, sisemi uongo, lakini nilikuwa na sababu yangu nyingine.

Binti yangu wa kwanza aliolewa huko ng'ambo. Msishangae, sisi Waha na wale tunasikilizana lugha, tunaoleana tangu zamani. Ukisimama Munanila, pale mpakani, unaviona vilima alikoenda. Nilimtembelea mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa bibi harusi bado, hata hajazoea jiko la mama mkwe wake. Mara ya pili nilimkuta mjamzito, anatembea kama bata, tukacheka sana. Nikamwambia ukijifungua nitumie habari nije nikukande. Habari haikuja. Vita ilikuja kwanza.

Basi nikawaza hivi: watu wote wa vilima vile wanavukia Munanila, na wanaovukia Munanila wanaletwa kambi za huku kwetu Kasulu, na wote wanapita ofisini kuandikishwa. Mimi nikae pale wanapopita. Na mtu mwenye birika hafukuzwi. Utamsogeza, lakini hutamfukuza.

Nikapata kazi. Kila gari likishusha watu, mimi na birika. "Karibu mama, pole mama, umetoka kilima gani?" Wakubwa wa ofisi wakaona nina huruma. Huruma nilikuwa nayo, lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta uso mmoja.

Hapo ofisini ndipo alipokuwa Mwalimu. Mkongomani wa kando ya ziwa, mtu mzima, mvi zimeanza, naye mkimbizi kama wengine, ila alijua kuandika haraka, wakampa kazi ya majina. Kwao alikuwa anafundisha hesabu. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi kila siku, mpaka leo sijui alikuwa anapigia pasi ya nani. Alikuwa mpole, lakini Kiswahili chake! Vitu yeye anaita "bintu", ofisi anaita "biro". Nikimtania, naye ananitania kwamba mimi naongea Kiswahili kama mtu anayepanda mlima.

Pale pembeni kulikuwa na kompyuta moja ya zamani, kioo chake kina mstari wa kijani katikati, wakubwa wameiacha. Mwalimu akaomba aitumie saa za kazi zikiisha, saa kumi mpaka jenereta linapozimwa saa kumi na mbili. Wakamkubalia. Mimi saa hizo naosha vikombe, basi namwona kainama pale, anagonga, anaguna, anagonga. Siku moja nikamuuliza.

"Mwalimu, unamwandikia nani barua ndefu hivyo?"

"Siyo barua, Mama Chai. Najitengenezea kitabu."

"Kitabu cha nini?"

"Cha kila kitu ninachojua. Nyumba yangu iliungua na madaftari yote. Miaka ishirini na mbili ya madaftari. Sasa nayatoa kichwani, moja moja."

Akanionyesha. Kila kitu kilikuwa na ukurasa wake. Mtaa wake wa sokoni una ukurasa. Shule yake ina ukurasa. Kila mwanafunzi anayemkumbuka, ukurasa. Na ndani ya ukurasa maneno mengine yalikuwa ya buluu, ukiligonga la buluu linakupeleka kwenye ukurasa wa kitu hicho. Umesoma habari za soko, umekuta jina la muuza dagaa, ukiligonga unafika kwa muuza dagaa, na huko unakuta shemeji yake, ukimgonga shemeji unafika kanisani. Nikasema, Mawe, mama wee! Hiki siyo kitabu, hii ni misiba na harusi za kijiji. Ndivyo tunavyojuana, kwa kupitia mtu kwenda kwa mtu.

Akacheka. Akasema sawasawa kabisa.

Halafu siku moja jenereta likazimika kabla hajamaliza. Ule mtaa wa sokoni, nyumba kwa nyumba, ukapotea wote. Siku mbili Mwalimu hakuigusa mashine. Chai nilimwekea, ikapoa, nikamwekea nyingine, ikapoa. Siku ya tatu fundi mmoja aliyekuja kukagua mashine za ofisi akampa kidiski chenye kitu cha kuwekea kumbukumbu. Mwalimu alihangaika nacho kama mwezi, anakisomea kwenye karatasi, anakitukana Kifaransa. Mwisho kikakubali.

Alinieleza na mimi nikakielewa kwa namna yangu. Kabla hujabadilisha ukurasa unauazima, kama mtu anavyoazima jembe. Ukimaliza unarudisha, na mashine inakuuliza: umebadilisha nini? Huondoki mpaka umejibu. Halafu ule wa zamani haiutupi. Inauweka chini, mpya juu. Hata ukibadilisha mara mia, ya chini iko pale pale, na siku yake, na lile jibu ulilolitoa. Na nakala nyingine Mwalimu aliiweka kwenye kidiski, akakificha nyumbani kwake ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Kwa hiyo mtu hawezi kufuta?" nikamuuliza.

"Anafuta juu. Chini inachunga byote."

Akaanza kuandika na hadithi zangu. Hapo tuligombana! Nilimsimulia ile ya fisi na bibi kikongwe Jumatatu, Alhamisi nikamsimulia tena, akasimamisha vidole.

"Mama, Jumatatu fisi alikufa. Leo amekimbia porini."

"Jumatatu nilikuwa na hasira na wakubwa wako. Leo nimeshiba."

"Sasa ya kweli ni ipi?"

"Zote. Wewe andika."

Akaandika zote mbili, na mashine ilipomuuliza amebadilisha nini, akaandika: Mama Chai ameshiba. Aliponisomea nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ndiyo siku hiyohiyo nikamwomba. Nikamwambia, Mwalimu, mtilie na mwanangu humo. Akanitazama. Akavuta kiti, akaniambia kaa, sema.

Nikasema jina lake la nyumbani na la ubatizo. Mrefu kiasi, anapenda kucheka, ameolewa kilima fulani, kwa mzee fulani, nikamtaja huyo mzee baba mkwe wake, maana kwetu mwanamke akishaolewa jina lake linalala, watu wanamjua kwa mumewe na kwa mtoto wake wa kwanza. Jina la mtoto silijui, nikasema, alizaliwa vita imeshaanza. Mwalimu akaandika. Kwenye lile swali la mashine akaandika: mama yake anamtafuta.

Tangu hapo nikawa na kazi. Kila nilichosikia nilimletea. Watu wa kilima chake walikimbia usiku, aliandika. Mumewe hakuonekana tena, aliandika. Mmoja akasema wanawake wa pale hawakuja kusini, walikwenda kaskazini na kundi lingine, yakaandikwa. Mmoja akasema wamekufa wote mtoni. Nikamletea Mwalimu na hiyo. Aliandika: mtu mmoja amesema, hakuona kwa macho yake. Nilimshukuru kwa hayo maneno ya nyuma. Kila Ijumaa akawa ananisomea ukurasa wote kuanzia juu mpaka chini, nami nasikiliza na kitambaa cha vikombe mkononi.

Sasa ukafika msimu wa kupanda, mvua za kwanza. Akaja mwanamke mmoja amehamishwa kutoka kambi moja ya Kibondo, upande wa Kitahana, anamfuata kaka yake huku kwetu. Nikampa chai, nikaanza maswali yangu.

"Kule kwetu," akasema, "kuna mwanamke tunateka naye maji bombani. Anasema mama yake yuko upande huu wa Kasulu."

"Kasulu ni kubwa, mwanangu. Kijiji gani?"

"Hakusema. Au alisema nikasahau. Ana mtoto wa kike, anakaribia umri wa kwenda shule."

"Mrefu?"

"Kiasi."

"Mweusi?"

"Eh mama, sisi sote weusi."

Watu kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sikumwacha. Nikauliza jina. Akasema wanamwita kwa mtoto, mama fulani. Jina hilo la mtoto halikuniambia kitu. Nikauliza swali lililobaki.

"Ni mke wa nani?"

"Mume alipotea. Mwenyewe anasema ni mke wa mwana wa mzee..." akataja jina.

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Siyo lile. Nikamuuliza una hakika, akasema nina hakika, tumemwuliza mara nyingi, anasema hivyohivyo. Basi. Nikamwongezea chai, nikaenda jikoni.

Mwalimu alikuwa amesikia. Saa kumi akaandika ule mstari: kuna mwanamke Kibondo, upande wa Kitahana, anateka maji bombani, ana mtoto wa kike, mama yake yuko Kasulu, baba mkwe ni mzee huyu. Ijumaa aliponisomea na kufika pale, nikamkatiza.

"Huyo siye. Ondoa."

"Tuache, Mama. Haiombi chakula."

"Inanila mimi. Kila ukifika hapo moyo unaruka, halafu unaanguka. Mimi mtu mzima, Mwalimu, moyo wangu hauwezi kuruka kila wiki."

"Pengine huyo mwanamke alikosea jina."

"Jina la mkwe? Yule mzee nimekula mahari yake, nisijue jina lake? Amelitaja mwenyewe, siyo hilo. Ondoa, nakuomba."

Akauazima ukurasa, akaondoa, akarudisha. Mashine ikauliza. Nikamwambia unajibu nini hapo? Akanisomea: mama yake anasema siye.

Nikaenda zangu kukusanya vikombe. Nilikuwa na nafuu, mnajua? Kama mtu aliyetolewa mwiba. Nililima maharage vizuri mwaka ule. Nilivuna magunia, nikaimba kwaya Pasaka, kiangazi nikaezeka jiko upya. Nawaambia haya mjue nilikuwa nafanya nini.

Mvua zikarudi. Siku moja ofisi imejaa, karani wa zamu, msichana wa Dar es Salaam, anaandikisha. Mbele yake bibi harusi mbichi kabisa, hata kitenge bado kinanuka duka. Karani anamuuliza jina la mume, akasema. Jina la baba wa mume? Yule binti akainama. Karani akauliza tena. Binti akaangalia ukutani, akasema jina. Mumewe nyuma yake akakohoa.

Nikaangua kicheko na trei yangu. "Dada karani, futa hilo! Amekudanganya."

"Bibi, amenidanganya kwa nini?"

"Hawezi kumtaja baba mkwe wake. Kwetu ni mwiko, mke haliweki kinywani jina la mzee yule. Amekupa jina la kuzunguka tu. Muulize mume."

Mume akasema jina lenyewe, lingine kabisa. Benchi zima linacheka. Nami nikazidi, nikawapa na yangu: baba mkwe wangu jina lake lilifanana na neno la mvua kwa Kiha, basi tangu niolewe mvua naiita "ile ya juu", watoto wangu wamekua wakisema ile ya juu imenyesha, mwalimu wao wa shule anashangaa. Yule karani akafuta machozi kwa kucheka. Hata bibi harusi akatabasamu.

Nikarudi jikoni. Nikaweka sukari kwenye birika. Nikaweka tena. Nikaweka tena. Mkono unakwenda tu kwenye kopo na mimi nimesimama nautazama.

Mnajua nani alimfundisha mwanangu? Jioni ya kuamkia harusi, mimi na yeye kwenye mkeka, nilimshika kidevu. Nikamwambia, mwana wanje, mwanangu, wakikukata kidole usilitaje jina la mzee yule. Wakikuuliza, tafuta jina la kuzunguka, ushike hilohilo, usibadilishe, watu wajue umelelewa. Akasema ego, ndiyo mama. Akauliza, hata serikali ikiniuliza? Nikasema hata serikali.

Saa kumi haikufika upesi siku ile. Jenereta lilipowaka nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mwalimu.

"Rudisha ule mstari."

Hakuniuliza upi. Alishuka chini, ukurasa chini ya ukurasa, mpaka akaufikia. Ulikuwepo. Na siku yake. Nikahesabu kwa vidole, misimu miwili imepita juu yake. Mwalimu akaunakili kwenye karatasi kwa mkono, herufi kubwa kubwa, ili kidole changu kiziweze.

Wakubwa wakanipa ruhusa ya siku nne. Nikapanda lori la mahindi, juu kabisa na wenzangu wawili, tope mpaka kwenye vioo. Tulilala Makere gari limekwama. Nilikuwa naongea njia nzima, nyie, naongea kama redio. Niliwaambia wale wenzangu nitakavyomgombeza. Nitamwambia, wewe, adabu gani hiyo ya kumpita hata mama yako aliyekufundisha? Mmoja akasema, bibi, si utamkumbatia kwanza? Nikasema nitamgombeza huku nimemkumbatia.

Kibondo nilishuka mchana, nikatembea na watu wa Kitahana waliokuwa wanatoka gulioni, mpaka kambini. Nikaenda bombani moja kwa moja, maana ndipo wanawake walipo. Nikasalimia, nikasema namtafuta mke wa mwana wa mzee fulani. Nikataja lile jina la kuzunguka.

Mwanamke mmoja akatua ndoo. Alikuwa wa makamo, mnene kidogo.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mama yake."

Akafuta mikono kwenye kitenge. Akasema, "Kaa kwanza, mama."

Sikutaka kukaa. Mtu akikuambia kaa kabla hajakujibu, umeshajibiwa.

Alikufa kiangazi, mwezi wa sita. Homa na kuhara, siku tatu. Wanawake wa bomba walimbeba hospitali ya kambi kwa machela ya mablanketi, wakarudi naye vilevile. Huyu mama ndiye jirani yake, mlango kwa mlango. Alinipeleka nyuma ya kambi kwenye makaburi, akaniacha nipige kelele zangu, halafu akanipa maji.

Akaniambia mengine. Kwamba mwanangu aliomba kibali cha kusafiri kwenda Kasulu mara tatu, wakimbizi walikuwa hawaruhusiwi kutoka ovyo, akaambiwa asubiri. Kwamba alimpa salamu kila mtu aliyekuwa anahamia upande wetu.

"Alikuwa anacheka," akasema. "Anasema mama yangu hawezi kukaa nyumbani yule. Lazima yuko kambi moja huko anapiga soga na watu. Atasikia tu."

Nilisikia. Nilisikia kwa masikio haya, nikiwa nimeshika birika.

Mtoto alikuwa analala kwa huyo mama tangu msiba. Aliletwa, amepakwa mafuta, anang'aa, ananitazama kwa upande. Sikujua nimwambie nini, mimi mwenye maneno. Nikamuuliza, babu yako mzaa baba anaitwa nani? Akalisema palepale, lile lenyewe, lote, kwa sauti. Kwake hakuna mwiko, mjukuu anamtaja babu na kumtania juu yake. Yule mwanamke aliyekuja kwetu angemuuliza mtoto. Mimi ningemwambia: rudi, muulize mtoto. Hakuna aliyemuuliza mtoto.

Nilimchukua. Alilia mama, mama, tangu mlangoni mpaka barabara kubwa, na mama aliyekuwa anamlilia hakuwa mwanangu, alikuwa yule jirani, naye alisimama bombani amejifunika kitenge usoni. Nilitaka kumwachia. Miguu ikakataa kurudi.

Kijijini wakanipokea. Walituona kwa mbali tunapanda, mmoja akaita, "Umempata?" Nikajibu nimempata, maana nilikuwa nimemshika mtoto mkono, sikufikiri. Wakapiga vigelegele. Wakatazama nyuma yangu njiani, wanamngoja wa pili. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

Tulikaa matanga. Kazini nilirudi wiki ya tatu, na mtoto, maana alikuwa hakubali kubaki na mtu. Saa kumi Mwalimu hakugonga kitu. Alinisubiri.

"Niandike, Mama?"

"Andika."

Nikamwambia yote, hospitali, machela, makaburi, zile mara tatu za kibali. Nikamwambia na jina la mtoto, akamfungulia ukurasa wake na kulitia lile jina buluu kwenye ukurasa wa mama yake. Akarudisha. Mashine ikauliza umebadilisha nini. Akageuka kunitazama. Nikamwambia andika: mama yake amefika.

Halafu nikamwomba anisomee. Siyo ule wa leo. Ule wa kwanza kabisa, na unaofuata, na unaofuata, kama zilivyopandana. Akasema itakuwa ndefu. Nikasema hadithi zangu huwa fupi? Akasoma. Mama yake anamtafuta. Wamekimbia usiku. Wamekwenda kaskazini. Mtu mmoja amesema, hakuona kwa macho yake. Alisoma kwa sauti ya darasani, polepole. Akafika kwenye ule wa mwanamke wa Kibondo, mwenye mtoto wa kike, anateka maji bombani.

"Ngoja hapo," nikasema. "Unaofuata usiusome."

Akaacha.

"Siku hiyo alikuwa hai."

"Ndiyo, Mama."

"Ndoo kichwani."

"Ndiyo."

Mtoto alikuwa amelala juu ya magunia ya chumvi pale pembeni, mdomo wazi. Mwalimu aliondoa mikono kwenye mashine akaiweka magotini, tukauacha ukurasa ule vilevile, na mstari wake wa kijani katikati, mpaka walipozima jenereta.